Warithi wa Edward Saidi

Edward Saidi Tingatinga alipopigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam mwaka 1972, aliacha mjane, watoto wawili wadogo na vijana wachache aliokuwa amewafundisha kuchora. Hakuacha duka wala wosia wa kazi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini, na uchoraji alikuwa ameufanya kwa miaka minne tu. Alichokiacha hasa ni soko: wageni wa Oysterbay waliokwisha kuzoea kununua vibao vyake vya chui na ndege, vya rangi zinazong'aa, na ambao wangerudi kuuliza kama vipo vingine.

Vijana wale walikuwa na swali la kujibu upesi, maana tumbo halingoji matanga yaishe. Je, kazi ya marehemu inaweza kuendelea bila marehemu? Wakajibu kwa brashi. Jibu hilo ndilo lililozaa chama cha wachoraji ambacho ni mashuhuri sana Afrika Mashariki, na ndilo lililoleta lawama ambazo hazijaisha hadi leo: kwamba hao si wasanii, ni watu wanaonakili.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini kabisa, jirani na Msumbiji. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, na ndiyo maana majina Edward na Saidi yamekaa pamoja kwa mtu mmoja bila kugombana. Tunduru ya zama zile ilikuwa na ardhi na watu, lakini haikuwa na fedha. Kijana aliyetaka baiskeli, shati au mahari alikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Edward alifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya 1950, kisha akaendelea hadi Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa ofisa mmoja Mwingereza huko Msasani. Uhuru ulipokuja, waajiri wa aina hiyo walifunga virago. Yeye akabaki mjini na vibarua vya hapa na pale, biashara ndogondogo za matunda na mboga, na ngoma, kwa kuwa alikuwa mpigaji mzuri.

Namna alivyoingia kwenye uchoraji husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, lakini masimulizi mengi yanakutana mahali pamoja. Katika miaka ya 1960 wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam, na wageni walizinunua. Edward akaona kwamba ni kazi ya mikono kama nyingine, na kwamba hata yeye ana mikono. Wapo watafiti waliotafuta chimbuko la mbali zaidi, wakataja michoro ya kutani katika vijiji vya kusini, ambako kuta za udongo hupambwa kwa chokaa na udongo wa rangi. Inawezekana. Kijana aliyekua akiziona kuta zile hawezi kuwa alifumba macho. Lakini katika hadithi hii msukumo wa kwanza unajulikana na hauna siri: mwanamume mwenye umri wa miaka thelathini na sita, asiye na ajira ya kudumu, mwaka 1968, aliona bidhaa inayouzika.

Sentensi hiyo huwaudhi baadhi ya wapenzi wa sanaa. Wangependa kusikia kwamba aliota ndoto, kwamba mizimu ya Wamakua ilimjia usiku. Mimi sioni aibu yoyote katika riziki. Yapo mashairi ya pwani yaliyotungwa kwa ajili ya waliolipa, na milango ya Zanzibar ilichongwa kwa oda. La kuangalia ni kile mtu anachokifanya akishakuwa na njaa na ubao mbele yake.

Ubao wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulikuwa wa hadibodi, ambayo huuzwa ikiwa na urefu wa futi nane na upana wa futi nne. Ukiikata vipande vya futi mbili kwa futi mbili, unapata vinane na hubakizi hata kipande cha kutupa. Vibao vyake vingi vina ukubwa huo, takriban sentimita sitini kila upande, na mraba huo ukawa sheria ya kimya. Rangi nayo ilikuwa ile ya kupakia baiskeli, inayouzwa katika makopo madogo katika maduka ya vifaa. Ni rangi nzito, inang'aa kama kigae, na ina tabia zake. Haipendi kuchanganywa taratibu juu ya ubao ili ipate kivuli laini, ukiilazimisha inachuruzika. Hukauka polepole, kwa hiyo anayeharakisha kuweka rangi ya pili juu ya ya kwanza anaharibu zote mbili. Mchoraji analazimika kufikiri kwa tabaka: kwanza usuli wa rangi moja, anaungoja, kisha umbo la mnyama, anangoja tena, mwisho mistari ya pembeni, madoa, ukucha na jicho.

Hapo ndipo ulipotoka mtindo. Tingatinga aliweka mnyama mmoja, pengine wawili, akamjaza kwenye mraba mpaka mkia ukalazimika kukunjwa ili utoshe. Hakuhangaika na umbali wala upeo wa macho. Chui wake hana msitu nyuma yake, ana rangi tupu, na jicho lake linakutazama wewe uliyesimama sokoni. Madoa hayakufuata chui wa porini, yalifuata mpigo, na si ajabu kwa mtu aliyezoea kupiga ngoma. Umaskini wa vifaa ulimfunga pande zote, naye akachora ndani ya kifungo hicho kwa ujasiri ambao wachoraji waliosoma vyuoni wengi wao hawakuwa nao.

Alichora na kuuza Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, chini ya mbuyu. Mahali palichaguliwa kwa akili ya mchuuzi. Mabalozi na wataalamu wa kigeni waliishi maeneo yale na walifika pale kununua mahitaji ya nyumbani. Kibao cha futi mbili kiliingia kwenye buti la gari bila shida, na baadaye kwenye sanduku la safari.

Wateja walipozidi mikono, Edward aliita ndugu. Simon Mpata alikuwa ndugu yake. Wengine waliotajwa katika kundi la kwanza ni Ajaba Abdallah Mtalia, Kaspar Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Matambwe na Omari Amonde. Wengi waliunganishwa na damu, ndoa au asili ya kusini, na mjini, kama tunavyojua wote tuliowahi kuhamia mjini, mtu wa kwenu anakuwa ndugu hata kama nyumbani msingesalimiana. Hakukuwa na ada ya masomo. Mwanafunzi aliosha brashi, alipaka usuli, alijaza madoa ambayo bwana mkubwa alikwisha kuyapanga, na siku moja akaachiwa ubao mzima. Alijifunza kwa kutazama mkono wa mwenzake. Huwezi kutazama mkono wa mtu kila siku halafu usichore kama yeye.

Huku kwetu Hanang, utaratibu wa namna hiyo hauwashangazi watu. Kwa Wabarbaig na jamaa zao Wadatoga, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga. Huingii uhunzi kwa kuomba. Unazaliwa ndani yake, na wahunzi huoana wenyewe kwa wenyewe. Wafugaji wengine wanawahitaji kwa mikuki na visu, na wake zao kwa bangili za shaba zinazopanda mkononi pete juu ya pete, lakini hawatawapa binti zao. Mhunzi huyeyusha kufuli bovu au bomba la maji lililokatika, akivuvia moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, akamimina shaba kwenye kijiti cha chuma chenye mfereji, akaipinda ingali na joto na kuichora mistari kwa patasi. Mwanawe amekaa pembeni akimsaidia kuvukuta, na hapo ndipo shule yake ilipo. Siku hizi upande wa Ziwa Eyasi watalii huletwa kuwatazama, na bangili ambayo zamani ilitengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mke wa mtu fulani sasa inatengenezwa kwa mkono wa yeyote atakayekuja. Sketi za ngozi za wanawake wa Kibarbaig, zenye mikanda na shanga, zimekuwa na historia tofauti. Hizo ni vazi la heshima na la ibada, mwanamke huishona kwa ajili ya maisha yake, na kuiweka sokoni ni jambo linalokera. Kwa hiyo hata hapa Hanang, bila mbuyu na bila Oysterbay, kuna sanaa inayotafuta mnunuzi na sanaa inayomkimbia, na zote mbili zinatoka kwa watu walewale.

Tofauti kubwa ya wachoraji wa Oysterbay ni kwamba ukoo wao ulitungwa mjini. Gidang'odiga hana haja ya kusajili chama. Wale vijana wa Tunduru walihitaji.

Mwishoni mwa maisha yake Tingatinga alikuwa ameanza kutulia. Alikuwa amemuoa Agatha Mataka, wakapata watoto, Daudi na Martina. Alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, na kampuni ya serikali iliyoshughulika na kazi za sanaa ilianza kununua vibao vyake. Ilikuwa miaka ya baada ya Azimio la Arusha, na mtu wa kijijini aliyejitegemea kwa brashi alifaa sana kuonyeshwa. Kisha usiku mmoja wa mwaka 1972 akawa ndani ya gari, polisi waliokuwa wakifukuza majambazi wakadhani ndilo gari lenyewe, wakafyatua. Hakuna zaidi la kusimulia juu ya kifo hicho, na wachoraji wenyewe hawakirembi.

Mwaka huohuo, kwa bahati tu, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini humo, na hapo ndipo George Lilanga, Mmakonde aliyeanza kwa kulinda geti, alipokuja kupata jina lililovuka bahari. Lakini Nyumba ya Sanaa ilikuwa na mlezi, paa na wafadhili. Kundi la mbuyuni halikuwa na mlezi. Lilitawanyika kidogo. Mpata alikwenda Nairobi, akachora huko, na kazi zake zikapendwa mno na Wajapani. Hoteli moja ya kifahari ya Maasai Mara iliyojengwa na Wajapani inaitwa kwa jina lake, Mpata Safari Club, ingawa mwenyewe alikwisha kufariki katika miaka ya 1980. Waliobaki Dar es Salaam waliendelea kukaa palepale, wakivuta wadogo zao kutoka Tunduru na Masasi.

Mwaka 1977 waliingia ubia rasmi kwa jina la marehemu. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuanzisha biashara ya watalii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na wageni waliokuwa wakishukia Nairobi kisha kuvuka kuja huku wakakatika. Halafu ikaja vita ya Kagera, halafu miaka ya foleni, ambapo rangi ilisakwa kama sabuni na sukari. Kwamba wachoraji wasio na mtaji waliivuka miaka hiyo bila kusambaratika ni jambo ambalo wanaoandika juu ya mtindo wao hulipita haraka mno. Undugu uliwasaidia pale soko lilipokosekana: aliyeuza leo alimkopesha rangi asiyeuza, na mgeni kutoka kijijini alilala kwa ndugu yake na kula kwake mpaka mkono wake ulipokomaa.

Mwaka 1990 ubia ukageuzwa kuwa ushirika uliosajiliwa, Chama cha Ushirika cha Sanaa cha Tingatinga. Masharti ya uchumi yalikuwa yanalegezwa, watalii wakarudi, na shirika la Uswisi la Helvetas likawasaidia kuwa na mahali pa kufanyia kazi na kuonyeshea, hapohapo jirani na pale walipoanzia. Kwa mara ya kwanza walikuwa na mwenyekiti na mweka hazina, wakawa na katiba pia. Walipata na matatizo yanayofuatana na vyeo hivyo, nayo ni yaleyale ya kila ushirika wa pamba na kahawa nchini, kwa hiyo sitayarudia.

Kinachovutia zaidi ni kile kilichotokea kwenye picha. Hadibodi iliachwa kidogokidogo, ikaja kanvasi ya kitambaa cha pamba inayowambwa kwenye fremu ya mbao, kwa sababu mtalii wa ndege anataka kitu cha kukunja na kutia mkobani. Mraba ukalegea. Mnyama mmoja akawa kundi la wanyama, kundi likawa kijiji. Mohamed Charinda alichora ngano na masimulizi ya wazee, pamoja na mateso ya biashara ya watumwa, habari ambazo hakuna mtalii aliyeziagiza. Maurus Malikita alijaza watu mpaka pembeni mwa kanvasi: hospitali yenye wagonjwa na waganga, barabara yenye daladala na ugomvi, kila kichwa na shughuli yake, na ucheshi ambao Mswahili anauelewa upesi kuliko mgeni. David Mzuguno alishona misitu ya majani na ndege hadi usuli ukapotea. Wote walitoka katika mtindo ulioanza na chui wa futi mbili.

Ukiwauliza wachoraji wa aina hii kinachowafanya wachore, wengi watakutajia ada ya shule ya mtoto kabla ya kukutajia uzuri. Watu wa makumbusho walikuwa wakiandika jibu hilo kama ushahidi wa hatia. Mwaka 2010 kulikuwa na maonyesho Copenhagen yaliyouliza waziwazi kama Tingatinga ni sanaa ya kweli au mapambo ya bei rahisi. Swali lina haki yake. Nenda soko lolote la vinyago, kuanzia Mwenge hadi Mji Mkongwe, utaona twiga walewale watatu chini ya mlima uleule na jua lilelile, wamechorwa kwa haraka na kijana anayelipwa kwa idadi. Kazi hizo hazinigusi, na sitajifanya zinanigusa kwa sababu tu ni za kwetu.

Lakini lawama inamwangukia asiyehusika. Ndani ya kundi, kunakili kulikuwa njia ya kujifunza na kulikuwa na mwisho wake. Charinda asingekuwa Charinda bila kuwapitia waliomtangulia. Nje ya kundi, kunakili ni kazi yenyewe, na hakuna anayetarajiwa kutoka humo. Mwenye duka hununua picha ishirini kwa mkupuo, hajali sahihi, na mnunuzi wake haulizi jina la mchoraji kwa kuwa jina anadhani analijua tayari: ni Tingatinga. Jina la marehemu, lililowashikilia vijana wale wakati hawakuwa na kingine, ndilo lililoyafunika majina yao. Mchoraji anaweza kutia sahihi kubwa kwenye pembe ya kanvasi, na bado picha itaitwa kwa jina la mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka huohuo wa 2010, katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi zilianza kuonyeshwa na kituo cha BBC kwa jina la Tinga Tinga Tales, wanyama wakiwa wamevalia madoa na rangi za mbuyuni. Watoto wa Uingereza walilijua jina kabla ya watoto wengi wa Tunduru. Dar es Salaam watu walianza kuulizana jina hili ni la nani: la mjane na watoto, la ushirika uliolisajili, la kila anayechora kwa mtindo huo, au la yeyote mwenye mwanasheria? Wahunzi wa Gidang'odiga hawajawahi kulijibu swali kama hilo, kwa kuwa jina lao halitoki nje ya damu. Ushirika uliopokea wageni kwa miaka yote hiyo, Wangindo na Wamakua na Wamakonde, na baadaye vijana wa mikoa mingine, haukuweza kufunga mlango wa jina baada ya kuuacha mlango wa kazi wazi.

Daudi Tingatinga, mwana wa Edward, naye alikuwa mchoraji. Alipofiwa na baba yake alikuwa mdogo mno kuweza kufundishwa naye, kwa hiyo alijifunza kutoka kwa waliojifunza kwa baba. Wachoraji wengi wa chama wako katika hali hiyohiyo. Vibao vya Edward mwenyewe viliuzwa kwa wageni tangu siku ya kwanza, vikaondoka nao katika masanduku, na leo vingi viko Ulaya na Japani, ambako bei yake imepanda kiasi kwamba vipo na vya kughushi vyenye sahihi yake. Walioko Oysterbay wanamjua kwa picha za vitabuni na kwa mikono iliyowafundisha, na asubuhi wanakata kanvasi mpya.